Nani Ampe Nyumba Mlinzi wa Pesa? Uainishaji wa Nchi Zinazoomba, Ukifanywa Kutoka Rumonge

Miongoni mwa elimu ambazo vyuo vikuu vyetu vimezisahau ni elimu ya uombaji wa makao makuu. Samaki wa Ziwa Tanganyika wameshaainishwa mpaka wataalamu wakanuniana kwa ajili ya mstari mmoja wa mkiani. Ndege nao wana vitabu vyao. Lakini serikali inayosimama mbele ya wenzake na kusema, "Ile taasisi ya fedha inayotafuta pa kukaa, ileteni kwetu," bado inatembea huru bila jina la kitaalamu, bila jamii, bila hata mchoro. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo, na mwandishi anawaomba radhi mapema wale watakaojikuta wameainishwa.

Kituo cha utafiti ni Rumonge, mwambao wa Burundi, kilomita 72 hivi kusini ya Bujumbura. Uteuzi huu una sababu zake. Kwanza, hapa pesa inaonekana kwa macho: faranga ya Burundi, shilingi ya Tanzania, faranga ya Kongo na dola ya Marekani hukutana katika fundo moja la kanga ya mama anayeuza ndagala, na hakuna kikao cha mawaziri kilichoitishwa kuzikutanisha. Pili, mji wenyewe ni sampuli. Mwaka 2015 Rumonge ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya, wa 18 nchini. Muongo mmoja baadaye mikoa 18 ikapunguzwa hadi 5, Rumonge ikaingizwa katika mkoa wa Burunga pamoja na Bururi, Makamba na Rutana, na umakao makuu ukaenda zake. Aliyewahi kupewa ofisi akanyang'anywa huwatazama waombaji wa ofisi kwa jicho lisilo na haraka, na jicho hilo ndilo chombo kikuu cha utafiti huu. Kingine ni kikokotoo cha mbadilisha pesa, nitakachokieleza mahali pake.

Kila uainishaji unahitaji sampuli ya rejea, ile inayowekwa kwenye chupa ya spiriti ili nyingine zilinganishwe nayo. Yetu imetoka Ulaya. Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na kwa kura hiyo taasisi mbili zilizokuwa zimepanga London zikajikuta hazina nyumba: Mamlaka ya Mabenki ya Ulaya, na Wakala wa Dawa. Ile ya mabenki ilikuwa na watumishi wasiofika 200. Miji minane iliiomba: Brussels, Dublin, Frankfurt, Luxembourg, Paris, Prague, Vienna na Warsaw. Vikatungwa vigezo sita. Je, jengo litakuwa tayari siku ya kuhamia? Je, mji unafikika? Je, shule za watoto wa watumishi zipo? Je, wake na waume zao watapata kazi na matibabu? Je, shughuli zitaendelea bila kukatika? Na je, taasisi zimesambaa vya kutosha miongoni mwa nchi wanachama?

Soma tena vigezo hivyo taratibu. Hakuna hata kimoja kinachouliza habari za pesa. Mlinzi wa mabenki ya bara zima anatafutiwa nyumba, na swali la iwapo mabenki ya mwenyeji yana afya au hayana halikuulizwa na yeyote. Huu ni ugunduzi wa msingi wa elimu yetu na nitaurudia kila nitakapopata nafasi.

Tarehe 20 Novemba 2017 mawaziri walipiga kura. Frankfurt ilitolewa raundi ya pili. Raundi ya tatu Paris na Dublin zikapata kura 13 kwa 13, na kwa kuwa kanuni zilikuwa zimeshaliona jambo hilo, ikapigwa bahati nasibu. Paris ikashinda. Siku hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo, Amsterdam iliipiku Milan kwa ile taasisi ya dawa. Mwaka mzima wa majedwali, ziara na vijitabu vya rangi uliishia kwenye kikaratasi kimoja.

Huku kwetu mambo hayajafika kwenye kikaratasi. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na ndani yake mna taasisi kadhaa zinazongoja kuzaliwa: Taasisi ya Fedha ya Afrika Mashariki, ambayo itaandaa njia ya benki kuu moja, halafu tume ya kusimamia huduma za fedha, ofisi ya takwimu, na chombo cha kuhakikisha kila mmoja anatimiza alichoahidi. Sarafu moja ilipangwa iwe mikononi mwetu mwaka 2024. Mwaka huo ulifika ukapita, nasi tunaambiwa 2031. Kufikia 2023 nchi nne zilikuwa zimejitokeza kutaka kuwa mwenyeji wa Taasisi ya Fedha: Burundi, Kenya, Tanzania na Uganda. Kamati ya uhakiki ikaundwa ipite kukagua. Ikumbukwe kwamba kuanzia Julai 2022 hadi Novemba 2023 mwenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki alikuwa Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi, kwa hiyo nchi yake ilikuwa inaomba huku imekalia kiti cha mbele.

Mwanafunzi makini atainua mkono hapa. Itifaki hiyohiyo inataka kila nchi itakayoingia kwenye sarafu moja iwe na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisilozidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Mwaka 2023 mfumuko wa bei Burundi ulipita asilimia 20. Akiba ya fedha za kigeni haikutosha hata miezi miwili. Mwezi Mei benki kuu ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo mmoja, bei rasmi ya dola ikapanda kwa asilimia 38 hivi, na bado bei ya mtaani ilibaki juu yake, ikiangalia chini. Nchi hii ndiyo inayoomba mtunza nidhamu wa pesa aje akae kwake?

Wenye haraka walicheka. Elimu yetu haicheki, kwa sababu ina kanuni, na kanuni hiyo wahenga walishaiweka wazi kabla ya Itifaki: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye afya njema hana sababu ya kumlilia mgeni. Anayemwita kwa sauti kubwa ndiye mwenye maradhi, na kwa hiyo nguvu ya ombi hupimwa kwa ukubwa wa upungufu wa mwombaji. Nitaita hii Kanuni ya Kwanza. Ya pili sijaiona bado.

Tukiwa na kanuni mkononi, tuainishe.

Jamii ya kwanza ni Mwombaji Mwenye Hati ya Kale. Hutambulika kwa kabati. Yeye haombi, anakumbushia. Kule Ulaya sampuli safi ni Luxembourg, iliyofungua droo ikatoa uamuzi wa mwaka 1965 uliosema taasisi za mambo ya fedha zitawekwa kwake. Wenzake wakausoma kwa heshima wakapiga kura kwingine. Katika sampuli zangu zote sijapata mwenye hati aliyeshinda kwa sababu ya hati, lakini pia sijapata aliyeacha kuileta.

Burundi imo katika jamii hii kwa hati mbili ambazo watu wengi wa Afrika Mashariki hawazijui, na ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa ombi ningezibandika ukurasa wa mbele. Ya kwanza ni ya 1960, Kongo ilipopata uhuru na Ruanda-Urundi ikaachwa bila mtoa noti. Ikaundwa Benki ya Utoaji ya Rwanda na Burundi, makao yake Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Yaani kabla watu hawajazungumza habari za sarafu moja ya Jumuiya, sarafu moja ya nchi mbili ilikuwa ikitolewa kando ya ziwa hili, na nchi zenyewe zilikuwa bado hazijapata uhuru. Ilidumu mpaka 1964, wakagawana, kila mmoja akafungua benki yake. Hati ya pili ni ya 1985: benki ya maendeleo ya Eneo la Biashara la Upendeleo, ile iliyojulikana kama PTA Bank, iliweka makao makuu Bujumbura. Vita vilipochacha miaka ya tisini shughuli zikahamia Nairobi. Mwaka 2017 benki ikabadili hata jina, ikawa Benki ya Biashara na Maendeleo. Mgeni alikuja, mwenyeji akaugua zaidi, mgeni akaaga. Nani atasema Burundi haina uzoefu wa kuhifadhi taasisi za fedha? Uzoefu inao, kilichokatika ni mwendelezo, na mwendelezo, tulishaona, ni kigezo cha tano.

Jamii ya pili ni Aliyeshiba. Hoja yake ni kwamba wataalamu wako kwake tayari, kwa hiyo taasisi nayo ije. Frankfurt ilikuwa na Benki Kuu ya Ulaya na mamlaka ya bima, ikataka na ya mabenki. Nairobi ni Frankfurt yetu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1919 ilikaa London miaka 40, ikitoa shilingi kwa watu ambao wakurugenzi wake hawakuwahi kupanga nao foleni sokoni, na ilipohamia huku mwaka 1960 ilishukia Nairobi. Mashirika mawili makubwa ya Umoja wa Mataifa yako Nairobi. Taasisi ya Fedha ya COMESA iko Nairobi. Ile benki iliyokimbia risasi Bujumbura ilikimbilia Nairobi. Aliyeshiba ana nguvu katika vigezo vyote sita isipokuwa kimoja, usambazaji, na wengine wakiwa wengi mezani kigezo hicho kimoja humtoa raundi ya pili. Namheshimu Aliyeshiba, ila utafiti wake unachosha, kwa hiyo naendelea.

Jamii ya tatu, Mwenye Zamu, ndiyo yenye idadi kubwa zaidi katika ukanda wetu, na inastahili kutazamwa na historia yake. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, iligawa mashirika kama watu wanavyogawa nyama ya shughuli: bandari Dar es Salaam, reli na ndege Nairobi, posta na simu Kampala pamoja na benki ya maendeleo, makao makuu Arusha. Kila mmoja akapata kipande. Jumuiya ilipovunjika 1977, vipande vilibaki pale vilipokuwa, na mazungumzo ya kugawana mali na madeni yakaburutwa mpaka 1984. Hapa ndipo Mwenye Zamu alipojifunza somo ambalo hasemi hadharani: uenyeji ni bima. Ndoa ikivunjika, jengo haliendi mahakamani kwa miguu yake.

Jumuiya ya sasa haikuacha desturi. Kisumu wana Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Jinja shirika la uvuvi la ziwa hilohilo, Kampala baraza la vyuo vikuu, Entebbe usalama wa anga, Kigali sayansi na teknolojia, Zanzibar Kiswahili, na Bujumbura ikapewa Kamisheni ya Utafiti wa Afya. Waliochelewa kuingia, Sudan Kusini, Kongo na Somalia, nao watanyoosha mkono siku moja, na hapo jedwali la zamu litahitaji kamati yake na kamati itahitaji makao.

Jamii ya nne na ya tano nimeziunganisha, kwa kuwa kwa mbali hazitofautiani. Kuna Mwombaji wa Mandhari, ambaye ombi lake ni picha: ziwa, machweo, bwawa la kuogelea la hoteli, mtoto anayetabasamu, uwanja wa ndege ukipigwa picha kutoka juu ili nyasi zisionekane. Na kuna Mshindwa kwa Faida, anayeingia mbioni ili ajitoe kwa bei nzuri. Saa chache kabla ya kura ya Wakala wa Dawa, Ireland, Malta na Kroatia zilijiondoa. Ireland ikabaki na ombi lake la mabenki na kukosa kwa kikaratasi. Burundi ina ziwa zuri mno kiasi kwamba huteleza kwenye Mandhari bila kukusudia. Mwambao wetu hauna kipaji cha Mshindwa kwa Faida, kwa sababu ukijitoa lazima pawe na mtu anayetaka ujitoe.

Sasa nafika kwenye jaribio lenyewe. Ombi la Burundi lina ugonjwa wa ndani ambao kamati yoyote ingeuliza: mgeni afikie wapi? Tangu 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega na ya kiuchumi ni Bujumbura, na kati ya hizo mbili kuna mlima wa kupanda na ofisi za kusubiri kila upande. Napendekeza, kwa ajili ya sayansi tu, kwamba taasisi ije Rumonge. Haipo Gitega, haipo Bujumbura, haina tena gavana wa kuona wivu. Tuipitishe kwenye vigezo sita.

Utayari wa jengo: mji uliokuwa makao ya mkoa miaka kumi haukosi ofisi ya kupisha.

Kufikika: hapa itabidi tuwe wakweli. Barabara ya taifa namba 3 inaambaa na ziwa kutoka Bujumbura kupitia Kabezi na Gitaza, na maji na maporomoko yameila mahali pengi. Benki ya Maendeleo ya Afrika imegharimia ujenzi mpya wa kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, katika mradi mmoja na barabara ya Tanzania ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu. Kwa hiyo mtaalamu wa fedha akitoka Kasulu atapita kwenye lami ya ujumuiya halisi. Mafuta ya gari ni habari nyingine. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekuwa na vipindi virefu ambapo vituo vina foleni na havina petroli, kwa sababu dola za kuiagiza hazipo. Mtafiti anashauri ujumbe uje kwa boti ya makasia.

Shule: zipo, na somo la hesabu hufundishwa kwa faranga, jambo ambalo huwapa watoto ukomavu wa mapema katika namba kubwa. Ajira kwa wenza: mawese, samaki, sabuni, biashara ya Kigoma. Mwendelezo wa shughuli: biashara ya mwambao huu imepita mikononi mwa waungwana wa pwani, Wajerumani, Wabelgiji, ufalme, jamhuri kadhaa na vita, na wavuvi wameendelea kwenda ziwani usiku na taa zao. Hakuna benki inayoweza kusema hivyo. Usambazaji: Rumonge haijapewa chochote cha Jumuiya. Alama zote.

Na kile kigezo cha saba ambacho Ulaya haikukiandika, pesa? Hapo ndipo mwambao huu unapoachana na wengine, na ninaomba uvumilivu wa msomaji maana nitakaa kidogo.

Februari 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji, kusini zaidi katika mwambao huuhuu wa mashariki ya ziwa, akakuta soko linaendeshwa kwa shanga ziitwazo sofi, zenye sura ya vipande vya bomba la kiko lililovunjika. Aliandika namna zilivyofanya kazi. Asubuhi soko linapofunguliwa, watu wenye mikoba ya sofi huwagawia wanunuzi, wakipokea kutoka kwao shanga za aina nyingine. Siku nzima bei hutajwa kwa sofi. Jioni soko likifungwa, wale wenye mikoba huzipokea sofi tena kutoka kwa wauzaji na kuwapa hizo nyingine, wakipata faida kwenda na kurudi. Tukiiweka kwa lugha ya Itifaki: mamlaka iliyotoa sarafu moja kwa watu wa makabila na falme mbalimbali, ikadhibiti ujazi wake, ikaiondoa yote kwenye mzunguko kabla ya magharibi, na ikajigharimia kwa tofauti ya bei. Makao makuu yake yalikuwa mkoba. Haikuwahi kuomba kiwanja.

Wajukuu wa mkoba ule wapo. Mtazame mbadilisha pesa wa mwambao akipokea noti ya dola mia. Haitazami sura kwanza, anatazama kingo. Anaipitisha kidole gumba pembeni kutafuta mchaniko mdogo kuliko ukucha, kisha anainyanyua kwenye mwanga. Noti ya zamani yenye kichwa kidogo ina bei yake, yenye kichwa kikubwa ina bei yake, iliyokunjwa mara nyingi inapungua, na noti ndogondogo za dola moja na tano hupewa kiwango cha chini, kana kwamba hazikutoka Washington ileile. Simu iko sikioni, upande wa pili pengine ni Buyenzi mjini Bujumbura, pengine Uvira upande wa Kongo. Anaandika namba kwenye kikokotoo, anakigeuza ukiangalie, hasemi neno. Ukikubali, anahesabu faranga mara mbili, ya pili kwa kasi zaidi. Ukikataa, anafuta namba na kuendelea kumsikiliza mtu wa Uvira.

Bei ile imejumlisha kila kitu ambacho chombo cha uangalizi kingehitaji robo mwaka kukikusanya: kama samaki wameshuka Kigoma, kama mpaka wa Kavimvira, wa kuingilia Uvira, uko wazi, kama meli ya mafuta imeonekana, kama mtu mkubwa anahitaji dola za haraka. Februari 2020 benki kuu ilifuta leseni za maduka ya kubadilisha fedha, ikayaruhusu tena baada ya zaidi ya miaka miwili. Bei iliendelea kutangazwa kimyakimya miaka yote hiyo, na tangu hapo imejitenga na ile rasmi mpaka kuwa mara mbili yake na zaidi. Juni 2023 wananchi walipewa siku kumi kurudisha benki noti zote za zamani za faranga 5,000 na 10,000. Kamati ya uhakiki inataka kujua kama Burundi ina watu wanaozielewa sera za fedha? Ina taifa zima. Mama wa Rumonge anayelipwa bei ya ndagala leo na kwenda dukani kesho amefanya somo la mfumuko wa bei kwa vitendo ambalo mchumi wa Frankfurt alilisoma kwenye kitabu cha historia ya babu yake.

Ndiyo maana nasema, na hapa natoka kidogo kwenye kanzu ya kitaaluma: waliomcheka mwombaji huyu walikosea hesabu. Daktari huwekwa kwenye wodi, hawekwi kwenye hoteli ya watu wazima wenye afya. Ikiwa kazi ya Taasisi ya Fedha ni kuzivuta nchi zifikie mfumuko wa chini ya asilimia 8 na akiba ya miezi minne na nusu, basi ikae mahali ambapo wataalamu wake, mishahara ikiwa mkononi, watakutana na tatizo lenyewe kila wanapokwenda kununua vocha ya simu. Nairobi watasoma ripoti. Rumonge watapanga foleni.

Hoja kwamba huwezi kupewa ulinzi wa kitu ambacho unacho kidogo ilishavunjwa, tena ziwani hapa. Mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Burundi ina asilimia 8 tu hivi ya ziwa, Kongo na Tanzania zikigawana sehemu kubwa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko wapi? Bujumbura. Na mamlaka hiyo, yenye makao kwa mwenye kipande kidogo, imefanikisha jambo ambalo umoja wa fedha bado unaliota: tangu 2024 nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kusimamisha uvuvi kwa tarehe zilezile, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ziwa lipumzike. Wapo wanaoiba usiku, kama ambavyo wapo wanaopika takwimu za nakisi, lakini tarehe ni moja na nyavu za nchi nne ziko juu pwani siku hiyohiyo. Mawaziri wa fedha wangekuja kutazama namna inavyofanywa.

Upungufu wa ombi la Rumonge ni mmoja mkubwa nao si wa kifedha. Ziwa linapanda. Mwaka 2024 maji yaliingia majumbani, hotelini na bandarini mwambao huu, na kiwanja chenye mandhari ya kuuzia ombi ndicho kitakachozama kwanza. Mwombaji wa Mandhari angelificha hili nyuma ya picha ya machweo. Mtafiti anapendekeza tu kwamba jengo lipandishwe kilimani, kwenye michikichi, na kwamba ngazi zihesabiwe katika kigezo cha kufikika.

Limebaki suala la utaratibu. Kamati ya uhakiki ikifika Rumonge, wenyeji wataipokea kwa migebuka ya kuchoma na watajibu maswali yote sita. Wana sharti moja la kuingizwa kwenye hadidu za rejea, tena la kiutafiti kabisa: posho ya wajumbe kwa siku zote watakazokuwepo ilipwe kwa faranga za Burundi, kwa bei rasmi ya siku hiyo.